Kitu Kikuukuu, Kazi Mpya: Somo la Kununua Mitumba na Kutumia Tena Vilivyotupwa

Katika masoko ya Kitui, Mwingi, Wote, Emali na Kibwezi, si kila mtu anayepekua rundo la mitumba amesukumwa na uhaba wa pesa. Wapo wafanyakazi wenye mishahara, wapo wastaafu na wapo vijana wa vyuo. Kwao, kutafuta kitu kizuri kwa bei ya chini ni uraibu, kama vile mwingine anavyopenda kutazama mpira. Wengine hukusanya mbao za nyumba iliyobomolewa, mabati, matairi na mapipa, kisha huvigeuza kuwa mabanda ya kuku, mifereji ya maji, viti na bustani.

Uraibu huu huokoa pesa za nyumbani na hupunguza taka zinazoishia kwenye makorongo na mito ya msimu. Hata hivyo, una hatari zake. Pipa la bei nafuu lililowahi kubeba dawa ya kunyunyizia maembe linaweza kutia sumu katika maji ya watoto. Kipande cha waya kilichonunuliwa bila kuuliza kinaweza kumfikisha mnunuzi kizimbani. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua, jinsi ya kutumia tena, na mambo ya kuepuka.

MASWALI MATATU KABLA YA KULIPA

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayeinama afungue macho pia. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi ajiulize maswali matatu:

1. Kitu hiki kilitoka wapi? Muuzaji ni nani, na je, anaweza kueleza alikipata vipi?

2. Kilifanya kazi gani awali? Kilibeba chakula, mafuta, rangi au sumu?

3. Kitafanya kazi gani nyumbani? Kisicho na kazi ni mzigo, hata kikiuzwa kwa shilingi kumi.

Swali la kwanza humlinda mnunuzi dhidi ya kesi, la pili hulinda afya, na la tatu hulinda mfuko.

HISTORIA FUPI

Neno mtumba lina maana ya robota au furushi lililofungwa. Nguo zilizotumika ng'ambo huletwa zikiwa zimebanwa katika marobota, na jina la furushi likawa jina la bidhaa yenyewe. Serikali ya Kenya iliwahi kuzuia biashara hiyo ili kulinda viwanda vya nguo vya humu nchini. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba ilienea kote, na soko la Gikomba jijini Nairobi likawa kitovu chake. Wafanyabiashara wengi wa Ukambani hununua marobota huko na kuyasafirisha hadi masoko ya mashinani.

Mjadala kuhusu mitumba haujaisha. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kupunguza uagizaji wa nguo zilizotumika hadi uishe, lakini Kenya ilijiondoa katika mpango huo baada ya shinikizo la kibiashara kutoka Marekani. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, serikali ilisimamisha uagizaji wa mitumba. Marufuku hayo yaliondolewa Agosti mwaka huohuo. Katika kipindi hicho kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichoko Syongila, kilishona barakoa kwa wingi. Hilo lilionyesha kwamba mitumba na ushonaji wa nyumbani vinaweza kuwepo kwa pamoja, na kwamba fundi wa cherehani ana nafasi katika yote mawili.

Kutumia tena vilivyotupwa kuna mizizi mirefu zaidi. Wahunzi wa Wakamba walisifika tangu karne ya 19 kwa minyororo myembamba ya chuma na ya shaba. Baadaye mafundi wa jua kali, walioitwa hivyo kwa kufanya kazi nje kwenye jua, waligeuza mapipa ya mafuta kuwa masanduku, karai na majiko, na mikebe kuwa taa za koroboi. Jiko la kauri lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 lina ganda ambalo mara nyingi hukatwa kutoka kwa chuma kilichotumika.

NGUO NA VIATU

Wauzaji wa mitumba wana lugha yao. Nguo bora zinazochaguliwa kwanza robota linapofunguliwa huitwa kamera. Zile za mwisho, zinazobaki chini baada ya wengine kuchagua, huitwa fagia. Anayefika asubuhi hupata kamera lakini hulipa zaidi. Anayefika jioni hupata fagia kwa bei ya kutupa, na akiwa na jicho zuri huweza kupata kitu ambacho wengine walipita bila kukiona.

Nguo ikaguliwe kwa utaratibu huu:

• Iinuliwe kuelekea kwenye mwanga. Matundu madogo na sehemu zilizoliwa huonekana mara moja.

• Makwapa, ukosi na ncha za mikono vitazamwe. Hapo ndipo nguo huchakaa kwanza.

• Zipu ifunguliwe na kufungwa mara tatu. Kubadilisha zipu ni gharama nyingine kwa fundi.

• Mishono ivutwe polepole. Ikiachia uzi, nguo haitadumu.

• Kiatu kikunjwe katikati. Soli ikionyesha nyufa au gundi ikiachia, kiatu kitakufa kwa mvua ya kwanza.

Anayemnunulia mtoto asiyekuwepo sokoni abebe uzi uliopimwa kiuno na mwingine uliopimwa wayo. Uzi huo ni bora kuliko kukisia. Nguo zote zifuliwe kwa sabuni na maji moto, zianikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, linakataza uagizaji wa nguo za ndani zilizotumika, hivyo zisinunuliwe hata zikionekana safi.

Nguo isiyovalika bado ina kazi. Suruali ya dengrizi hutoa mkoba wa shule. Shuka pana hutoa pazia mbili. Sweta lililotoboka linaweza kufumuliwa, na uzi wake ukatumika kufumia kyondo pamoja na mkonge. Hivyo uzi wa sweta lililochakaa hurudi sokoni ukiwa umevaa sura ya Ukambani.

MABATI MAKUUKUU NA MAJI YA MVUA

Katika kaunti hizi mbili, ambako maeneo mengi ni makavu na mito mingi hukauka, bati kuukuu ni mojawapo ya vitu vyenye thamani kubwa. Mvua huja katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na msimu wa mwisho wa mwaka ndio wa kutegemewa zaidi. Nyumba isiyo na mifereji huacha maji hayo yapotee.

Unene wa bati hupimwa kwa geji, na namba ndogo ina maana ya bati nene. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 32 ndilo jembamba. Kwa hiyo bati la zamani la geji 28 lisilo na kutu linaweza kudumu kuliko bati jipya la geji 32. Mnunuzi aliinue juani kutafuta matundu, kisha akwaruze kutu kwa msumari. Kutu ikitoka na kuacha chuma kigumu, bati ni zima. Msumari ukipenya, bati hilo libaki kwa muuzaji.

Matundu ya misumari ya awali yakae kwenye mgongo wa wimbi la bati, si kwenye bonde linalopitisha maji. Vipande vya mviringo vilivyokatwa kutoka kwa tyubu ya baiskeli, vikiwekwa chini ya vichwa vya misumari, huzuia kuvuja. Bati lililochanika sana hukatwa vipande virefu na kukunjwa kuwa mfereji. Mfereji uteremke sentimita moja kwa kila mita moja ili maji yasisimame.

Hesabu ya maji ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Eneo hupimwa ardhini, yaani nafasi iliyofunikwa na paa, bila kufuata mteremko wake. Paa la mita 8 kwa mita 5 lina mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10 hutoa lita 400. Sehemu ya tano ikipotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 320, ambazo ni madumu 16 ya lita 20. Anayenunua maji kwa mwenye punda ajihesabie ni pesa ngapi hizo kwa mvua moja tu.

Maji ya kwanza huosha vumbi na vinyesi vya ndege, hivyo yasiingie kwenye tangi. Kwa paa la mita za mraba 40, dumu moja la lita 20 hubeba nusu milimita ya kwanza ya mvua, na hicho ni kiasi cha chini cha kutenga. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mabati yenye rangi ya zamani inayobanduka yasitumiwe kukinga maji ya kunywa, kwa sababu baadhi ya rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Bati hilo lifae kwa banda au ua.

MAPIPA NA MADUMU

Hapa swali la pili ndilo muhimu kuliko yote. Wakulima wa maembe wa Makueni hupambana na nzi wa matunda, na wakulima wa ndengu wa Kitui hupambana na wadudu wa aina nyingi. Vyombo vya dawa walizotumia huishia mikononi mwa watoto na wauzaji.

Plastiki hunyonya sumu. Kuosha kwa sabuni, mchanga au majivu hakuiondoi. Chombo cha dawa ya shambani kisitumiwe kwa maji, maziwa, chakula wala lishe ya mifugo, hata baada ya mwaka mzima. Kinapomalizika, kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia na yatumike shambani, kisha chombo kitobolewe ili mtu mwingine asijaribu kukitumia.

Pipa linalouzwa sokoni likaguliwe hivi: lebo isomwe, na alama ya fuvu la kichwa au ya moto itafutwe. Alama ya bilauri na uma huonyesha kwamba plastiki ilitengenezwa kwa ajili ya chakula, ingawa haithibitishi kilichobebwa baadaye. Pipa linusweke. Lililobeba mafuta ya kupikia au sharubati huacha harufu inayotambulika. Lebo iliyobanduliwa makusudi na harufu kali ya kemikali ni sababu tosha ya kuondoka. Pipa ambalo historia yake haijulikani lisiwekwe maji ya kunywa kamwe.

MATAIRI, MAGUNIA NA CHUPA

Miji ya Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, na mahali pa malori hapakosi matairi makuukuu. Mafundi huyakata kuwa akala, ndoo za kuchotea maji kisimani na mikanda ya kufungia mizigo. Tairi zima linaloachwa uani hukusanya maji ya mvua na kuwa kitalu cha mbu, wakiwemo wanaoeneza homa ya dengue. Litobolewe upande wa chini, lijazwe udongo, au lihifadhiwe mahali pakavu. Lisichomwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Gunia la kilo 90 linafaa kwa bustani mahali penye maji machache. Mkebe mkubwa uliokatwa pande zote mbili husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi, debe mbili kwa moja, huwekwa kuuzunguka. Mkebe huvutwa juu na kujazwa tena hadi gunia lijae, na kokoto hubaki kama nguzo inayosambaza maji. Matundu hutobolewa ubavuni na miche ya sukumawiki kupandwa humo. Maji yaliyosuuza mboga hutosha kumwagilia.

Chupa ya plastiki ya lita mbili ikitobolewa kwa sindano karibu na kitako na kufukiwa nusu kando ya mche wa mwembe, hudondosha maji polepole kwenye mizizi. Kifuniko kikilegezwa maji hutoka haraka, kikikazwa hupungua.

VYUMA CHAKAVU NA SHERIA

Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni. Sababu yake ilionekana wazi Januari 2022, wakati minara ya njia ya umeme kutoka bwawa la Kiambere katika Mto Tana ilipoanguka na stima kupotea sehemu kubwa ya nchi. Serikali ilihusisha tukio hilo na uharibifu wa miundombinu, na biashara ya vyuma chakavu ikasimamishwa kwa miezi kadhaa. Mafundi waaminifu waliotegemea vyuma hivyo waliumia pamoja na wezi.

Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kwa hiyo vitu vifuatavyo visinunuliwe, hata kwa bei ya kutupa: nyaya za stima, vipande vya minara na transfoma, mita na mabomba ya miradi ya maji, kinga na alama za barabara, vyuma vya reli, na madawati ya shule. Kila kimoja kikiibwa, kijiji kizima hukosa huduma.

Kwa vitu vikubwa kama injini, pampu, baiskeli au simu, mnunuzi aombe risiti, aandike jina na namba ya simu ya muuzaji, na ahifadhi ujumbe wa malipo. Kwa simu, namba inayoonekana baada ya kubonyeza *#06# ilinganishwe na iliyo kwenye kisanduku. Muuzaji mwaminifu hakasirikii maswali hayo.

VITU VYA KUACHWA KABISA

• Vigae na mabati ya asbestosi. Vumbi lake huharibu mapafu, na Kenya imepiga marufuku matumizi yake. Yasikatwe, yasitobolewe wala kuvunjwa. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iarifiwe kabla ya kuyaondoa.

• Betri za gari zilizokufa. Zisifunguliwe nyumbani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathiriwa na madini ya risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Betri irudishwe kwa muuzaji inaponunuliwa nyingine.

• Nyaya za kuchomwa ili kupata shaba. Moshi wa plastiki yake ni hatari, hasa kwa watoto.

• Kofia ya bodaboda iliyowahi kugongwa. Ufa wa ndani hauonekani, na siku ya ajali haitamkinga mtu.

HESABU KABLA YA FURAHA

Bei ya sokoni ni sehemu moja tu ya gharama. Kwa mfano, mlango wa chuma uliotumika ukinunuliwa kwa Sh3,000, mkokoteni ukadai Sh500, fundi wa kulehemu Sh1,200, na rangi na bawaba zikagharimu Sh800, jumla ni Sh5,500. Ikiwa mlango mpya unauzwa Sh6,000, akiba ni Sh500 pekee. Mnunuzi mwenye hekima humwuliza fundi kwanza, kisha hurudi sokoni.

Jambo la pili ni nafasi. Wapenzi wa uraibu huu hujaza uwanja kwa vitu vya "siku moja vitafaa." Nyoka, panya na mbu huwahi kuvitumia kabla ya mwenyewe. Kanuni nzuri ni kwamba kitu kisichopata kazi kwa misimu miwili ya mvua kiuzwe au kigawiwe. Vifaa vilivyolala huweza pia kuunganishwa kwa njia ya mwethya: mmoja ana mabati, mwingine ana misumari, wa tatu ana ujuzi wa kukunja mfereji, na nyumba ya mjane kijijini hupata mfereji kabla ya mvua za Oktoba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Paa la nyumba lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Mvua ya milimita 15 ikinyesha, na sehemu ya tano ya maji ikapotea, ni lita ngapi zitakusanywa? (Jibu: lita 288.)

2. Kijana analeta pampu ya maji kijijini na kuiuza kwa bei ya chini sana, usiku, bila risiti. Mnunuzi afanye nini?

3. Ni vyombo gani nyumbani vilivyowahi kubeba dawa za shambani? Viko wapi sasa, na nani anavitumia?

4. Taja kitu kimoja kilicholala uwanjani. Kinaweza kupewa kazi gani kabla ya msimu ujao wa mvua?

Swali la tatu lijibiwe nyumbani leo hii, kabla ya mengine. Anayekuta chombo cha aina hiyo kikitumika jikoni akiondoe mara moja, na amwone afisa wa afya ya umma katika wadi yake kwa ushauri.